Ukitunga Shairi la Msiba Dodoma: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Masharti haya yanawahusu wanaotunga mashairi ya msiba, ya upweke na ya porini wakiwa Dodoma mjini, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa. Asiyeyataka atunge ya harusi, ambako uongo husamehewa.

Usilete bahari Dodoma. Kutoka Dar es Salaam mpaka hapa ni kama kilomita 450 kwa barabara, na bado nikiletewa shairi la tanzia kutoka Nkuhungu au Ipagala, marehemu kapanda jahazi, mawimbi yamemchukua, minazi imeinama. Marehemu mwenyewe alikuwa dereva wa lori la mchanga. Chanzo nakijua. Ushairi wetu ulilelewa Lamu, Mombasa, Pemba na Tanga, na waliotufundisha darasani walitupa tamathali za huko pamoja na kanuni. Kanuni zichukue. Tamathali waachie wenyewe. Huku kuna makorongo ambayo zaidi ya nusu ya mwaka hayana tone juu ya mchanga, na akina mama wakichimba wanakuta maji chini yake. Kuna mbuga ya Bahi, ambamo mvua ikiwa nzuri watu huvua samaki, na ikiwa mbaya hubaki ardhi iliyopasuka. Vitu hivyo bado havijachoshwa na washairi. Ruhusa ni moja tu: kama wewe ni mtu wa Pangani, umehamishiwa huku na bahari unaikosa kweli, iandike, lakini iandike ukiwa umekaa hapa kwenye vumbi, kama kitu ulichokiacha.

Jua ni mwezi gani. Mvua ya Dodoma ina msimu mmoja. Huanza Desemba, na ikifika Mei imeshasahaulika. Kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu aliyezikwa Agosti hakuzikwa mbingu zikilia. Alizikwa kwenye upepo. Kaburi lake lilichimbwa kwa sururu kwa sababu jembe lilikuwa linadunda, vijana wakapokezana mmoja baada ya mwingine, na vumbi likawakaa wafiwa kwenye nyusi mpaka wazee na watoto wakafanana. Ukiandika manyunyu hapo, ama hukuwapo, ama ulikuwapo ukiwaza vina. Aliyezikwa Januari ana mambo yake: gari la maiti limekwama kwenye tope, na majirani wengi wamefika wakiwa na udongo miguuni kwa sababu palizi haingoji. Watamzika, watakunywa uji, na jioni watarudi shambani. Mgeni huona hapo ukatili. Mtunzi anayeijua nchi hii anajua kwamba asiyepalilia Januari atakuwa na msiba mwingine mwezi wa nane, na anaweza kuyasema hayo katika ubeti mmoja bila kumhukumu mtu.

Mbuyu usiuonee. Kila anayeshuka stesheni na daftari hukimbilia mbuyu. Mbuyu shahidi, mbuyu mzee wa hekima, mbuyu mfano wa subira. Imetosha. Kama huwezi kuuacha, basi kwanza utazame. Kiangazi hauna jani, kwa hiyo usiwapumzishe waombolezaji kwenye kivuli chake kizito mwezi Septemba. Maua yake meupe hufunguka jioni, mvua zikikaribia, na harufu yake si ya marashi. Wanaoyafuata ni popo, na kesho yake yako chini. Gome lake huchunwa kwa ajili ya kamba, na mti ukaota jingine. Hapo hapo mkono wako utawashwa kuandika kwamba na mfiwa vilevile atapona. Uzuie. Andika kuhusu mbuyu mmoja, ule wa nyuma ya nyumba ya marehemu, wenye vigingi vya kupandia kutafuta asali, na useme nani alivipigilia na nani atavipanda sasa.

Usiseme mti unalia, wala ndege anaomboleza pamoja nawe. Hawaombolezi. Katika masharti yote hili ndilo sitalilegeza, na sababu yake si sayansi. Mtu aliyefiwa akitoka nyumbani siku ya tatu, akapita nyuma ya mazizi na kuingia kwenye migunga, hatafuti wa kulia naye. Wa kulia naye wamejaa uani, wamekalia mikeka, na kila anayefika anamwuliza ilikuwaje, naye anasimulia upya. Anakwenda kule kwa sababu tetere hawamwulizi chochote. Siafu wanapita na safari yao. Hakuna kiumbe kinachomtazama usoni kuona kama leo ana nafuu. Pori linampa mapumziko kwa kutomjua. Mtunzi ukifika na kalamu yako ukaifanya miti yote itoe machozi, umemrudisha mtu yule mkekani.

Na usifikiri kila ndege ni rafiki wa mpweke. Niliwahi kuletewa shairi zuri kwa mizani, ambamo kundi la kwelea kwelea linashuka alfajiri kumfariji mjane. Mkulima yeyote wa uwele wa Chamwino angelichana. Kundi lile likishuka alfajiri moja tu, chakula cha mwaka kimekwenda. Ndiyo maana mtoto hupandishwa kwenye dungu kuamia ndege tangu kabla jua halijatoka hadi linapozama, kombeo mkononi, akipiga kelele mpaka sauti inakauka, na hapana mtu wa kumjibu. Unataka upweke wa Ugogo? Uko juu ya dungu lile, una miaka tisa, na una njaa.

Usiite nyika hii tupu. Kabla ya kuandika neno "ukiwa" kuhusu ardhi ya hapa, jifunze waliolala ndani yake. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua nafaka, yalichukua ng'ombe, yalichukua wanaume kuwa wapagazi. Mvua nayo ikakosa. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliipa jina la Mtunya, na wanahistoria wanakadiria kwamba ilimaliza watu 30,000 katika nchi iliyokuwa na watu kama 150,000. Hesabu mwenyewe: mmoja katika kila watano. Wengi hawakupata mzishi. Hiyo nyika unayoiona tupu kutoka dirishani mwa basi imejaa.

Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, njaa hiyo ikianza. Alikua Mgogo, akasoma, akawa mwalimu, karani, liwali na hakimu, na akatunga kwa Kiswahili ambacho hakuzaliwa nacho, kwa arudhi kali kuliko watu wengi wa pwani. Kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilitoka mwaka 1954, na Diwani ya Mnyampala ikafuata katika miaka ya 1960. Mtunzi wa Dodoma anayesoma Diwani bila kusoma ile historia amesoma nusu ya mtu. Soma historia kwanza.

Ngonjera usiilete makaburini. Nalisema hili kwa heshima ya Mnyampala huyohuyo, maana ndiye aliyeipa ngonjera nguvu baada ya Azimio la Arusha la 1967, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilifika shuleni. Ngonjera ni chombo cha kufundisha na kubishana. Ilifanya kazi yake vizuri. Lakini imetuachia ugonjwa: kila shairi, hata la mtoto aliyekufa kwa malaria, linaishia kwa wito. Tudumishe umoja. Tuzingatie usafi. Tumshukuru mheshimiwa kwa kutuletea gari. Ubeti wa shukrani kwa viongozi ukiuona kwenye shairi lako la tanzia, ufute, kisha uutazame na ule uliotangulia, kwa kuwa mara nyingi ndio ulioanza kuusogelea.

Mtaje marehemu. Kwa jina, kwa kazi, kwa kitu kimoja alichokishika kila siku. "Alikuwa mtu wa watu" ni sentensi inayomfaa kila maiti, kwa hiyo haimfai yeyote. "Pengo lisilozibika" nimelipiga marufuku. Pamoja nalo nimefukuza nyota iliyozimika, ua lililonyauka na bahari ya machozi, hii ya mwisho kwa makosa mawili. Shaaban Robert, aliyewahi kufanya kazi Mpwapwa katika miaka ya 1940, alipomlilia mkewe katika Maisha Yangu hakumlilia mke kwa jumla. Alimlilia Amina, na hata leo watu wasiokumbuka ubeti mmoja wa shairi lile wanalikumbuka jina. Angalia jinsi lilivyokaa pale: yeye ndiye mwanamke, na anasemeshwa.

Kwa hiyo andika alivyofunga lango la zizi kwa waya kwa sababu bawaba zilikatika. Andika mlenda wake, kwamba aliutia magadi mengi mno na hakuna aliyethubutu kumwambia. Andika deni la duka la pembejeo ambalo halijalipwa, ikiwa familia haitaaibika. Andika michango, nani alitoa na nani alijificha, lakini hapo majina yaache. Huzuni ya kweli ina hesabu za pesa ndani yake, na ina hasira, hata hasira kwa marehemu aliyekataa kwenda hospitali mpaka akawa amechelewa. Mtunzi anayeichuja hasira anabaki na maji matupu.

Msiba wa wengi usiugeuze takwimu. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi nyuma kwenye mteremko karibu na Igandu, ikagongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Kila mwezi wa sita kuna anayetunga. Na kila anayetunga huanza na idadi, kisha huitafutia vina. Namba iandike mara moja au usiiandike kabisa. Kuna waliokwenda kituoni kumpokea mtu siku ile. Anza na mmoja wao, na kile alichokuwa amepika. Na kama hukuwapo wala huna ndugu aliyekuwapo, omba ruhusa kwa walio nao, kisha ukae kimya mpaka ujibiwe.

Vina visikutawale, wala usivikimbie. Kuna makundi mawili yanayonichosha sawasawa. La kwanza linaua watu kwa ajili ya kina: mzee alifariki Jumanne mchana, lakini shairi linamzika usiku kwa sababu kipande cha kwanza kimeishia na -ku. Ukilazimika kuchagua kati ya kina na ukweli wa siku ya kifo, vunja ubeti uanze upya. Mizani kumi na sita zina nafasi ya kutosha. La pili ni la vijana wanaosema wao ni watu wa masivina, wanafuata nyayo za Kezilahabi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 watetezi wa arudhi walimrarua, naye alistahimili kwa sababu alijua anachokiacha. Wewe hujui kuhesabu mizani ya tarbia moja, unaacha nini? Soma Sheria za Kutunga Mashairi za Amri Abedi, zipo tangu 1954. Tunga tarbia kumi. Zichome ukitaka. Kisha uje na mashairi yako huru tuzungumze.

Kibwagizo, hata hivyo, usikiguse ovyo. Wanawake wanaoimba mbolezi hurudia neno lilelile usiku kucha, na neno la saa nane usiku si lile la saa mbili, ingawa ni lilelile. Kibwagizo chako kikirudi katika ubeti wa tano kikiwa na uzito uleule wa ubeti wa kwanza, beti za katikati hazikufanya kazi.

Zeze usilitaje kama hujalisikia. Nenda Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Kigogo ukae chini, au tafuta rekodi za Hukwe Zawose, aliyefariki Desemba 2003. Zawose aliishi na kufundisha Bagamoyo miaka mingi, karibu kabisa na mawimbi, na ilimba yake, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, ikabaki ya Kigogo. Watunzi wangu wa Nkuhungu wanaoishi Dodoma na kutunga ya Bagamoyo watafakari. Na muheme usiuweke msibani kwa kuwa neno limekaa vizuri kwenye mizani. Ni ngoma ya wanawake, na chimbuko lake ni sherehe za unyago.

Upweke si kukosa mpenzi. Mashairi saba katika kumi ya upweke yanayonifikia ni ya mapenzi yaliyovikwa koti jeusi. Sina nafasi nayo. Upweke wa Dodoma wa sasa una sura yake. Uamuzi wa serikali kuhamia huku ulikuwapo tangu 1973, lakini watumishi walianza kumiminika baada ya tangazo la Julai 2016, na wengi walikuja peke yao: mke ana kazi Dar es Salaam, watoto wana shule, baba ana chumba na sebule Ilazo, jiko la gesi la mtungi mdogo na kiti kimoja. Jumapili mchana upepo unatikisa geti. Anawapigia, watoto wanasema shikamoo na kumrudishia mama simu. Huyo mwandike. Lakini mwandike kwa haki: tangu katikati ya 2024 treni ya umeme inamfikisha Dar es Salaam kwa saa tatu na nusu hivi, kwa hiyo usimzuie kwa milima na mabonde. Anaweza kwenda Ijumaa hii, na haendi. Ukijibu kwa nini haendi, tayari una shairi.

Wala usimpe mchungaji upweke wako. Kijana mwenye ng'ombe arobaini, kila mmoja kwa jina lake, ana wenzake wa kutosha kuliko wewe.

Ukitaka kuililia miti, anzia Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga, matrekta makubwa, minyororo, na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Pori lilisafishwa. Udongo ukakauka ukawa kama saruji, mvua haikufuata ratiba, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa. Hakuna haja ya kubuni msitu wa kufikirika uliolia. Nenda ukaone kilichoota baada yake. Na kama mbuyu wa mtaani kwako umeangushwa kupisha barabara, taja barabara.

Usitume shairi la tanzia kwenye kundi la WhatsApp kabla ndugu wote hawajaarifiwa. Hili halihitaji maelezo.

Msibani soma beti tano. Saba kama familia imeomba. Upepo wa hapa hula sauti, kipaza sauti cha kukodi hukoroma, na watu wamesimama juani tangu saa nne. Uliza nafasi yako iko wapi kwenye ratiba, ama baada ya wasifu wa marehemu ama baada ya salamu za rambirambi, na usiongeze hotuba kabla ya shairi kueleza ulivyolitunga. Msiba wa Kiislamu una utaratibu wake na maziko yake huwa ya haraka. Shairi lako lisubiri arobaini, na hata hapo mwulize kwanza mzee wa familia. Kama mfiwa ataanza kulia katikati, usisimame kumtazama wala usipandishe sauti. Endelea kwa mwendo uleule.

Ukimaliza, nakala mpe mfiwa mkononi, yenye tarehe. Usiombe ipigwe picha. Malipo usipokee. Nauli ya bodaboda wakikupa, pokea, sema poleni sana, uondoke.